Kabla Hujaingia Msitu wa Kilolo: Dira, GPS na Mkondo wa Maji

Ushauri unaorudiwa kila mahali kwa aliyepotea msituni ni huu: tafuta mto, ufuate unakoshukia, utafika kwa watu. Kwingine ni ushauri mzuri. Katika misitu ya mashariki ya Wilaya ya Kilolo, mkoani Iringa, unaweza kukuua. Maji yanayoshukia Bonde la Kilombero hutoka kwenye vilele vya mita elfu mbili na zaidi na kwenda kutua kwenye bonde lililo mita mia tatu hivi tu juu ya usawa wa bahari, na sehemu nyingi hayateremki bali huruka. Maporomoko ya Sanje, upande wa Mang'ula, yana kimo cha mita 170 hivi. Mtu aliyechoka, anayefuata kijito ndani ya ukungu akitumaini kuona moshi wa jiko, hujikuta juu ya genge, na nguvu za kupanda tena alikotoka hana.

Upande wa pili wa milima hiyohiyo mambo ni mengine. Maji ya Mto Lukosi huelekea kaskazini kuingia Mto Ruaha Mkuu, na mabonde ya huko yana vinyungu (bustani za mabondeni), njia za ng'ombe na nyumba. Mwisho wa yote maji ya pande zote mbili hukutana Rufiji, lakini aliyepotea hana muda wa kuisubiri Rufiji. Kwa hiyo mtu yeyote anayetaka kuingia misitu ya Kilolo, awe mwanafunzi wa utafiti, mjumbe wa kamati ya maliasili ya kijiji, mpanda milima au mkazi wa Dar es Salaam aliyenunua ekari zake za miti, asianze kwa kujiuliza ana kifaa gani. Aanze hivi: pale nitakapokuwa, maji yanakwenda wapi? Na nikipotea, nikitembea kuelekea upande gani nitagonga kitu nisichoweza kukivuka bila kujua, kama barabara, ukingo wa mashamba au mto mkubwa? Majibu ya maswali haya mawili yaandike kwenye karatasi kabla hujafunga kamba za viatu. GPS na dira zitakusaidia kuyafuata, ila hazitakuulizia.

Msitu wenyewe usiuchukulie kuwa ni kichaka kikubwa tu. Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992, ina kilomita za mraba 1,990, na kilele chake cha juu, Luhombero, kina mita 2,576. Jirani yake kuna Hifadhi za Mazingira Asilia za Kilombero na Uzungwa Scarp. Katika msitu wa Ndundulu, unaofikiwa kwa kupitia kijiji cha Udekwa, watafiti kutoka Denmark walimkuta kwale ambaye sayansi ilikuwa haijamwandika popote; hiyo ilikuwa mwaka 1991. Kima aina ya kipunji, ambaye ulimwengu ulitangaziwa mwaka 2005, anaishi humohumo na kwenye misitu ya Mlima Rungwe na Kitulo, basi. Msitu ulioweza kumficha kima mzima asionekane na wataalamu mpaka karne hii hauna shida ya kukuficha wewe.

Na usiingie peke yako. Hifadhi ya taifa iko chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), hifadhi za mazingira asilia ziko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), na misitu ya vijiji iko chini ya serikali za vijiji. Kote huko kuna kibali, na kibali kizuri huja na mtu wa kukuongoza. Wapo wanaoona malipo ya mwongozaji ni gharama ya bure kwa sababu simu yao ina ramani. Wajerumani nao walikuwa na dira na wapima ardhi walipoiteka ngome ya Kalenga mwaka 1894, na bado iliwachukua karibu miaka minne kumfikia Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ambaye alikuwa hana dira wala ramani ila alikuwa na watu wanaolijua kila bonde. Mwongozaji wa Udekwa anajua tembo wamelala upande gani wiki hii. Setilaiti haijui.

Sasa tuje kwenye vifaa, tuanze na simu maana kila mtu anayo. Jambo ambalo bado linawatatiza wengi ni kwamba GPS haitumii mtandao wa simu. Simu yako inapokea mawimbi ya setilaiti zinazozunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Ikizipata nne kwa uchache, inakokotoa mahali ulipo. Kinachohitaji mtandao ni ile picha ya ramani. Ndiyo maana mtu akifika mbele ya kijiji cha Idete mtandao ukakatika, anaona kidoa cha buluu kimekaa katikati ya weupe mtupu, naye anasema GPS imekufa. Haijafa, ila ramani ndiyo haipo. Pakua ramani ya eneo lote ukiwa bado Iringa mjini, kwa programu inayohifadhi ramani za OpenStreetMap ndani ya simu, kisha zima data na uijaribu palepale mjini. Ikifungua mitaa bila data, itafungua na msitu.

Mtandao hufanya kazi moja nyingine kimyakimya: huipa simu taarifa za setilaiti ili ijitambue haraka. Bila hizo, simu iliyozimwa na kuwashwa ndani ya msitu inaweza kuchukua dakika nyingi kabla ya kusema lolote. Kwa hiyo iwashe GPS mahali pa wazi, mwisho wa barabara, na uisubiri itulie. Weka alama mahali ulipoacha gari au bodaboda, ipe jina linaloeleweka, na uanze kurekodi njia. Njia iliyorekodiwa ndiyo faida kubwa ya GPS kuliko zote, kwani hukuwezesha kurudi ulikopita, na ulikopita unajua hakuna genge.

Ndani ya msitu mnene, na hasa kwenye korongo, mawimbi hugonga majani mabichi na kuta za miamba kabla ya kukufikia, na kidoa huanza kurukaruka. Kosa la mita 20 au 30 si la ajabu. Likitokea usikimbizane na kidoa. Panda kwenye mgongo wa mlima au tafuta uwazi palipoanguka mti mkubwa, simama dakika chache. Kimo usikiamini kama unavyoamini mahali, kwa kuwa GPS hukosea zaidi kwenda juu na chini kuliko pembeni. Betri nayo haipendi baridi ya Juni na Julai ya nyanda za juu. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili, mtandao uzimwe kabisa ili isimalize nguvu kutafuta mnara, na pawabenki iwemo kwenye begi, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni.

Hapa nataka kukaa kidogo, kwa sababu Kilolo ina mtego wake ambao wilaya nyingi hazina. Wapima ardhi wetu, na ramani zetu za mizani ya 1:50,000 zinazotolewa na idara ya serikali ya upimaji na ramani, hutumia namba za mfumo wa UTM: namba moja ya mashariki na moja ya kaskazini, zote kwa mita. Mfumo huo umeigawa dunia katika kanda za digrii sita za longitudo, na mpaka wa kanda ya 36 na ya 37 ni longitudo 36, ambayo inapita ndani ya Wilaya ya Kilolo. Dabaga iko magharibi ya mstari huo, Udekwa iko mashariki. Ukitembea kutoka magharibi, namba ya mashariki inapanda mpaka karibu 830,000, halafu hatua moja baadaye inaanguka hadi karibu 170,000. Kifaa hakijaharibika; umevuka mpaka wa kanda.

Kwa aliyenunua shamba la miti jambo hili si la kitaalamu tu. Karatasi ya mauziano mara nyingi huwa na namba za kona nne bila kutaja kanda. Namba za shamba la Dabaga ukiziingiza chini ya kanda ya 37, simu itakupeleka kwenye Bahari ya Hindi. Za Udekwa ukiziingiza chini ya kanda ya 36, utajikuta upande wa Ziwa Tanganyika. Hayo makosa angalau yanachekesha na yanajionyesha. Linaloumiza ni la pili: ramani zetu za zamani zilichorwa kwa msingi wa upimaji uitwao Arc 1960, wakati GPS hutumia WGS84. Namba zilezile, zikisomwa kwa msingi usio wake, zinakuhamisha zaidi ya mita 200. Hapo hutaona bahari wala ziwa. Utaona mipaina mizuri ya umri uleule, imepandwa kwa nafasi zilezile, na utaifurahia, kumbe ni ya jirani. Kila namba unayopewa, uliza kanda na uliza msingi, viandikwe kando yake. Baada ya hapo nenda shambani na muuzaji, mwenyekiti wa kitongoji na majirani wa pande zote, mzunguke mpaka kwa miguu huku simu ikirekodi. Rekodi hiyo, pamoja na majirani walioshuhudia, ina nguvu kuliko namba zilizoandikwa ofisini na mtu ambaye hakufika.

Dira watu huinunua kama mapambo ya begi, nayo ndiyo itakayobaki ikifanya kazi simu ikiwa imelowa. Dira ya kawaida ya kutembelea, yenye kibao cha plastiki angavu na duara la kuzunguka, inatosha. Unapoinunua, hasa mtandaoni au kwa mtu aliyeileta kutoka Ulaya, ilaze sawasawa kwenye kiganja uone sindano inavyokaa. Sumaku ya dunia haivuti kwa usawa tu, huvuta pia kuelekea ardhini. Kaskazini mwa dunia huinamisha ncha ya kaskazini, huku kwetu huinamisha ya kusini. Watengenezaji huweka uzito mdogo kusawazisha sindano kufuatana na eneo la mauzo. Dira iliyosawazishwa kwa ajili ya Sweden ikiletwa Kilolo, sindano yake inaweza kuinama na kukwaruza kibao, ikakwama mahali ambapo si kaskazini. Tafuta iliyoandikwa kuwa ni ya dunia nzima au ya kusini mwa ikweta.

Matumizi yake si magumu. Laza ukingo wa dira kwenye ramani kutoka ulipo hadi unakokwenda, mshale wa safari ukielekea uendako. Zungusha duara mpaka mistari yake ya ndani ilingane na mistari ya gridi ya ramani, kaskazini kwa kaskazini. Inua dira kifuani, geuka wewe mwenyewe mpaka sindano nyekundu ikae ndani ya mshale uliochorwa kwenye duara. Mshale wa safari sasa unaonyesha njia. Usitembee ukiikodolea macho dira; chagua mti mmoja ulio kwenye mstari, nenda mpaka hapo, pima tena. Ndani ya ukungu mzito, wakati mti wa mbele hauonekani, mwenzako atangulie hadi anapokaribia kupotea machoni, umwelekeze kushoto au kulia kwa sauti, kisha umfuate. Ni kazi ya polepole. Hivyo ndivyo inavyotakiwa kuwa.

Kaskazini ya sumaku na kaskazini ya ramani hazilingani, ila kwa Kilolo tofauti ni ya digrii chache tu. Kosa la digrii moja linakupotosha mita 17 na ushei kwa kila kilomita. Kwa safari ya msituni ya kilomita moja au mbili, jinsi ulivyoishika dira itakupotosha zaidi ya tofauti hiyo. Panga, bunduki ya askari wa wanyamapori, na zaidi ya vyote kava la simu lenye sumaku, viweke mbali unaposoma. Simu yenye kava kama hilo hata dira yake ya ndani hudanganya.

Kuna mbinu moja ambayo ningependa kila mtu aibebe: usilenge pale hasa unapotaka kufika, lenga pembeni kwa makusudi. Tuseme gari liko kwenye barabara iliyo magharibi yako, barabara inayokwenda kaskazini hadi kusini. Ukilenga gari lenyewe, ukafika barabarani na gari halipo, hujui uende kushoto au kulia. Ukilenga mita mia mbili kusini ya gari, ukifika barabarani unajua bila shaka kwamba gari liko kulia. Mzunguko ni wa dakika chache, na ubishi wote umekwisha.

Mashamba ya miti yanapoteza watu kwa namna yake. Msitu wa asili una sura: mti ulioanguka, jiwe, kijito. Shamba la mipaina lina mistari iliyonyooka kila upande, na kila mstari unafanana na mwenzake. Humo dira ni bora kuliko macho. Faraja ni kwamba mashamba yaliyotunzwa yana barabara za kuzuia moto, na ukishika pembe moja ya dira bila kuyumba utaikuta mojawapo. Ndani ya msitu wa asili, kinyume chake, njia ndogo ndizo zinazodanganya. Njia ya mnyama huanza pana na kupotea kwenye matope. Njia ya mtega nyaya huishia kwenye mtego, na usingependa kumkuta mwenye mtego akiwa hapo. Ila ukikuta mianzi iliyokatwa ncha na kuning'inizwa mbeta za kukingia ulanzi, pombe ya mianzi, vuta pumzi. Mgema wa ulanzi huja asubuhi na jioni, na njia yake inakwenda nyumbani.

Jua ni msaada mdogo kuliko watu wanavyodai. Asubuhi na jioni litakupa mashariki na magharibi za kukisia. Mchana, kwa latitudo ya Kilolo, jua la utosi huja karibu saa sita na nusu, na kuanzia katikati ya Oktoba hadi mwisho wa Februari huegemea kusini, miezi mingine kaskazini. Aliyekariri kwamba jua la mchana liko kaskazini atapotea wakati wa mvua, na wakati wa mvua ndipo wengi hupotea. Habari za kuvu kuota upande mmoja wa mti ziache kabisa. Kwenye misitu yenye ukungu kama hii huota pande zote.

Ukigundua umepotea, simama. Kaa chini, kunywa maji, toa ramani. Angalia rekodi ya njia kama simu ipo hai. Kama haipo, jiulize mahali pa mwisho ulipokuwa na uhakika ni wapi na umetembea muda gani tangu hapo. Kwenye msitu wenye mteremko, kilomita moja kwa saa ni mwendo wa kuridhisha, kwa hiyo hujafika mbali kama woga unavyokuambia. Kisha chukua ile karatasi yako, ushike pembe ya dira inayokupeleka kwenye kile kitu usichoweza kukivuka bila kujua. Usiteremke upande wa mashariki, hata kama unasikia maji na kiu inakuuma. Saa kumi jioni ikikukuta bado hujui, acha kutembea. Jua huzama saa kumi na mbili na nusu hivi, lakini chini ya miti giza huanza mapema, na gizani mtu haoni genge mpaka mguu ukose pa kukanyaga. Vaa kila ulichonacho, kaa juu ya majani makavu mbali na njia za tembo na nyati, piga filimbi mara tatu kila baada ya muda. Mahali palipoinuka jaribu simu. Ujumbe mfupi wa maandishi wenye namba za mahali ulipo, kanda ikiwemo, hupita penye mtandao hafifu ambapo maongezi hayapiti. Namba ya dharura ni 112.

Lakini hayo yote yanategemea kuwe na mtu anayejua umeingia. Pita kwa mtendaji wa kijiji, msalimie, mwachie jina lako, namba ya mwongozaji, upande unaoingilia na saa unayotarajia kutoka. Na tafadhali, ukishatoka, rudi ofisini kwake useme umetoka, hata kama umechoka na gari linakusubiri. Vijana wa Udekwa wasije wakalala msituni kwenye baridi wakikutafuta, nawe uko Ilula unakula chipsi.